Maswali Yenu: Musisi Anapimwa Vipi?

Jameni, toleo lililopita niligusia tetemeko mistari miwili tu mwishoni mwa jibu la mtu mwingine kabisa, alafu sanduku likafurika. Wengine mmeandika Kiswahili, wengine Lukonzo, kuna hata mmoja katuma voisi ya dakika tisa na jogoo anawika nyuma. Zote siziwezi. Nimechukua sita, na zile zinazofanana nimezifunga pamoja.

Kwa wageni wa safu hii: musisi ni tetemeko la ardhi, Waganda ndo wanaita hivo, na wazee wa zamani walikuwa na mungu wa jina hilohilo, kazi yake kutikisa dunia. Na mimi si profesa. Nilibeba betri na kuchimba mashimo ya wapima matetemeko kwa miaka, nikawa nauliza maswali mpaka wakachoka na mimi.

Shikamoo mzee. Mi niko Bundibugyo. Juzi saa tisa usiku vyombo vililia kwenye kabati, alafu kimya kidogo kama mtu anahesabu moja mbili tatu, ndo kitanda kikaanza kwenda huku na huku. Baba watoto anasema ni lori la kakao limepita. Sasa hawa wapima matetemeko wa Entebbe na mashine zao wanajuaje ilitokea wapi, wakati sisi tuliokuwa juu yake hatujui?
*Mama Watoto, Bundibugyo*

Marahaba mama. Mwambie baba watoto lori halinyamazi katikati.

Hicho kimya ulichokihesabu ndo siri yote. Mwamba ukikatika huko chini unatoa mawimbi mawili kwa wakati mmoja ila hayakimbii sawa. La kwanza linasukuma na kuvuta, kama foleni ya watu kwenye mlango wa taxi mmoja akisukumwa nyuma wa mbele anaskia, hilo linakata kama kilomita 6 kwa sekunde. La pili linatikisa kwa upande kama kamba ya watoto ya kurukia, linakwenda kilomita 3 na nusu hivi, linachelewa kufika lakini hilo ndo linaloangusha kuta. Mbali unapokuwa ndo mwanya kati yao unazidi kuwa mrefu, ni kama boda na baiskeli zikitoka pamoja stendi. Kanuni ya haraka: sekunde za mwanya zidisha kwa 8, unapata kilomita. Wewe ulihesabu tatu, basi palipokatika ni kama kilomita 24 kutoka kitandani kwako, na hapo hesabu na kina pia, manake linaweza kuwa limetokea karibu chini yako kabisa.

Mashine ya kupimia, sismomita, inafanya hivohivo ila haisinzii na inahesabu sehemu ndogondogo za sekunde. Ndani yake kuna uzito umening'inizwa, ardhi ikisogea uzito unabaki nyuma kidogo, tofauti hiyo ndo inaandikwa. Tatizo kituo kimoja kinajua umbali tu, upande hakijui vizuri. Kwa hiyo unachora duara kwenye ramani, kituo cha pili duara lake, cha tatu lake, zinapokutana ndo hapo. Ni kama watu watatu kwenye vilima vitatu wanamtafuta mbuzi kwa sauti yake. Mbarara kuna kituo kilichoungwa kwenye mtandao wa dunia nzima, ukitikisika hapo Bundibugyo mtu wa ng'ambo anaweza kuona mstari wako ukiruka kabla hujapata kiberiti.

Na mko mahali penye mambo. Kati ya 2006 na 2007 wanasayansi wa Kijerumani na wenzao wa hapa walizungusha Rwenzori na mashine zilizofika 27, wakawa wanapata kwa wastani matetemeko kama 800 kwa mwezi. Kwa mwezi! Mengi ni madogo hata paka hageuki. Yaliyowashangaza ni machache yaliyotokea chini karibu kilomita 60, manake kina hicho mwamba ni moto, na posho (ugali) ya moto haikatiki, inavutika. Wengine wanasema ni maji ya volkano, yaani magma, yanapenya huko. Hapo wataalamu bado wanabishana na mimi nawaacha wabishane.

Bibi yako uliyemtaja mwisho wa barua, anayesema zamani tetemeko liliua watu kwenu, hakosei. Tetemeko la Toro lilikuwa tarehe 20 Machi 1966, alfajiri watu bado wamelala, likaua zaidi ya watu 150 kwenu Bwamba na pembeni. Mrekodi kwenye simu akisimulia, maana mashine zilizokuwepo miaka hiyo zilikuwa chache na mbali, wazee ndo wanaokumbuka ardhi ilipasuka kwenye shamba la nani.

Ticha wetu wa jografia anasema Afrika Mashariki inajitenga milimita chache kwa mwaka. Nani alikaa akaona? Simu yangu jipiesi (GPS) inakosea mpaka inaniweka upande wa pili wa barabara, sasa milimita wanazitoa wapi?
*S.5, Fort Portal*

Swali zuri kuliko alilojibu ticha, usimwambie.

Simu yako inaskiliza setilaiti sekunde chache, ikiwa mfukoni, chini ya bati, inakadiria inaendelea. Kituo cha jipiesi cha kupimia ardhi ni mnyama mwingine: nguzo imepigwa mpaka kwenye mwamba wenyewe, si kwenye udongo, antena juu imefungwa haicheki, na inaskiliza setilaiti zilezile mchana na usiku kwa miaka, inahesabu mpaka mawimbi yenyewe ya redio moja moja. Kila siku inatoa nukta moja. Nukta hazitulii, leo huku kesho kule, lakini ukizipanga miaka mitano mitano zinatengeneza mstari unaopanda au kushuka, na mteremko wa mstari huo ndo mwendo wa ardhi. Hata ziwa linaingilia, mvua zikijaza Nyanza (ziwa Viktoria) uzito wa maji unabonyeza ardhi pembeni kidogo na antena inashuka nayo. Lazima uondoe hayo kwanza.

Hesabu ya Bonde la Ufa upande wetu wa magharibi inatoka kama milimita 2 kwa mwaka, unene wa njiti ya kiberiti. Ethiopia huko wanafika 5 au 6. Na si kwamba nchi zinakimbiana moja kwa moja, kipande kizima chenye ziwa Nyanza katikati kinajizungusha polepole kinyume cha saa, kama sahani juu ya meza iliyolowa, ndo kinavuta kwetu na kubana kwingine.

Sasa sikiza. Njiti moja kwa mwaka, kutoka 1966 mpaka sa hivi ni miaka kama 60, sawa na sentimita 12. Lakini kwenye ufa wenyewe ukienda kuangalia unaweza usione kitu kimesogea, manake umekwama. Unajua mlango wa mbao ukivimba wakati wa mvua? Unasukuma, unasukuma, mbao inapinda kidogo, mlango haufunguki, alafu ghafla unafunguka wote na wewe umo ndani umeanguka. Kupima kote huku ni kutafuta mlango upi umevimba na mtu anausukuma kwa nguvu gani. Mlango ukifunguka, kwa tetemeko la ukubwa wa karibu 7 kwenye kipimo cha matetemeko, pande mbili za ufa zinaweza kuteleza kama mita moja kwa sekunde chache, zile njiti za mamia ya miaka zote zinalipwa pamoja.

Ntawaambia na kitu ambacho vitabu havisemi. Kituo kimoja tulichojenga, mahali sitaji, nukta zilianza kwenda kaskazini kwa kasi ya ajabu, wakubwa wakafurahi eti tumegundua ufa mpya. Nikatumwa kuangalia. Nikakuta seng'enge imekatwa na dume moja la mbuzi linajikuna shingo kwenye nguzo, na limefanya kazi hiyo muda mrefu mpaka saruji imeng'aa. Tukarekebisha uzio. Mwenye mbuzi akatudai fidia eti tumemnyima dawa ya upele.

Mzee kuna picha inazunguka, ina mistari ya rangi kama upinde wa mvua imejikunja juu ya Goma, wanaandika ati mji unazama na Kasese inafuata. Ni kweli?
*Dereva wa boda, Kasese*

Picha kama hizo zipo kweli, maneno yaliyoandikwa chini ndo ya kubandika.

Hiyo ni rada ya setilaiti. Sentinel-1 ya Wazungu wa Ulaya iko juu tangu 2014, inarudi njia ileile kila baada ya siku 12, inatuma wimbi la redio linagonga ardhi linarudi. Mawingu haiyajali, usiku haiujali. Wanachukua picha ya safari moja na ya safari nyingine wanazilaza juu ya nyingine, mahali ardhi imesogea wimbi linarudi limechelewa au limewahi kidogo. Mzunguko mmoja wa rangi, kutoka nyekundu mpaka nyekundu tena, ni sentimita 2.8 kuelekea au kutoka kwa setilaiti, nusu ya urefu wa wimbi lake. Ukiona rangi zimejirudia mara kumi unajua hapo kuna sentimita 28 zimeenda.

Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, lava ilisimama karibu na Goma watu wakadhani yameisha, kumbe ndo matetemeko yalianza, wiki nzima, Kisoro huku mliskia. Rada na jipiesi zikaonyesha ukuta wa magma umejipenyeza chini ya mji mpaka chini ya ziwa Kivu, ardhi juu yake ikatanuka, nyufa zikafunguka mitaani Goma na Gisenyi. Nadhani picha yako ni ya wiki hiyo, watu wanaitoa kabatini kila mwaka. Kasese haina uhusiano na volkano ya Goma, matetemeko yake ni ya kwake.

Ila rada ina ugonjwa mmoja na kwetu unauma sana. Inahitaji ardhi ibaki na sura ileile. Jangwani poa, Ethiopia poa, Natron kule Tanzania 2007 waliona ufa na magma vizuri kabisa. Sasa njoo Bwamba. Wimbi linagonga jani la mgomba, siku 12 baadae jani limechanwa na upepo, lingine limeota, mkungu umekatwa, hakuna cha kulinganisha, picha inatoka kama televisheni ya zamani bila antena. Mawimbi marefu ya kama sentimita 24 yanapita kwenye majani vizuri zaidi, ndo maana wanaopima misitu wanapenda setilaiti za aina hiyo. Na unyevu wa hewa mlimani unaweza kukuchorea uvimbe ambao haupo. Picha moja haitoshi, mpaka uone kumi zinasema neno moja.

Sisi Buliisa mafuta yamekuja. Wazee wanauliza: ukinyonya vitu chini ya ziwa Albert si utaamsha musisi?
*Mwalimu, Buliisa*

Mwalimu wazee wako hawajakosea kuuliza, na anayewacheka hajasoma. Oklahoma kule Marekani zamani matetemeko ya kuskika yalikuwa machache kwa mwaka, wakaanza kurudisha chini maji machafu ya visima vya mafuta kwa wingi, na mwaka 2016 wakapata la 5.8 pale Pawnee. Mafuta yenyewe hayakuwa shida kubwa, ni yale maji yaliyosukumwa kwenye nyufa za zamani. Yanaingia, yanasukuma pande mbili ziachane kidogo, msuguano unapungua, kilichokuwa kimekwama kinateleza. Kumbuka ule mlango, sasa mtu ameumwagia sabuni.

Haimaanishi Buliisa itakuwa Oklahoma. Inamaanisha huo ukingo mrefu mnaouona mashariki ya ziwa, ule ukuta wa mlima unaoshukia ziwani, ni ufa wenyewe, na kabla ya kusukuma chochote chini inabidi mjue kawaida yake ni matetemeko mangapi kwa mwezi na ya ukubwa gani. Bila hesabu ya kabla, likija la 4 siku moja kila mtu atasema lake, kampuni itasema ni la Mungu na kijiji kitasema ni la kampuni, na hakuna atakayethibitisha. Mkikaa kwenye mikutano yao ulizeni maswali mawili tu: sismomita ziko ngapi karibu na visima, na sisi wananchi namba zake tutaziona wapi. Msikubali jibu la "wataalamu wanafuatilia".

Tulipata voisi WhatsApp kwamba saa nane usiku kutakuwa na tetemeko kubwa Kampala. Mimi na watoto tulilala kwenye gari. Halikuja. Je, lilihamishwa siku?
*Mama wa Nansana*

Pole dada, na shingo bado inauma najua.

Hakuna anayejua saa. Hakuna, hata mwenye mashine za pesa nyingi. Parkfield, California, ufa ulikuwa unatetemeka kwa mpangilio kila miaka 20 na kitu, wanasayansi wakasema linalofuata ni kama 1988, halitapita 1993, wakajaza bonde lote mashine wakangoja. Likaja 2004. Wachina walihamisha watu Haicheng Februari 1975 kabla ya tetemeko wakaokoa wengi, dunia ikapiga makofi, mwaka uliofuata Tangshan ikafa watu zaidi ya laki mbili bila onyo lolote. Ardhi haina ratiba ya basi. Kinachojulikana ni wapi, na takriban ukubwa gani unaweza kufika. Anayekupa tarehe na saa muulize alitabiri mangapi ambayo hayakuja.

Afadhali ule usiku wa garini ungeutumia kumuuliza fundi kama nyumba ina linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, iliyozunguka yote na nondo zimeshikana kwenye kona. La Bukoba la 10 Septemba 2016 lilikuwa 5.9 tu, si kubwa kwa dunia, Kampala mliliskia mchana ule, lakini liliua zaidi ya watu 15 upande wa Tanzania na Rakai kwetu nyumba zikalala chini. Nyingi zilikuwa matofali na udongo katikati, ukuta haujafungwa na chochote juu. Na kama umejenga kwenye bonde la zamani la kinamasi, udongo laini unakuza mtikisiko kama posho laini kwenye sahani, aliye juu ya kilima anaweza asimwage hata chai.

Baada ya mvua kuna ufa umetokea kwenye shamba langu la kahawa, juu ya nyumba, umejipinda kama mwezi mchanga. Mguu unaingia. Mtu mmoja kasema ni Bonde la Ufa limefika Bududa. Nani nimwite aje apime?
*Mzee wa kahawa, Bududa*

Mzee wangu, hili nimeliweka mwisho lakini kama ungeniandikia kwa simu ningekupigia usiku huohuo.

Hiyo si Bonde la Ufa. Ufa wa tetemeko unakwenda mbali, unakata mto na barabara bila kujali mteremko. Wa kwako umejipinda na pembe zake zinaelekea bondeni, na umekuja na mvua: hicho ni kipande cha mlima kinajiandaa kushuka. Unakumbuka Nametsi, Machi 2010, hapo kwenu, mimi sihitaji kukusimulia.

Usingoje mtu wa mashine. Chukua vigingi viwili vya mti mgumu, gonga kimoja upande wa juu wa ufa na kingine upande wa chini, mita moja moja kutoka ukingoni, viingie mpaka visicheze. Piga msumari juu ya kila kigingi. Pima kwa futi kutoka msumari mpaka msumari, andika milimita, si "kama hatua moja", andika na tarehe na kama mvua ilinyesha. Fanya sehemu tatu za ufa, katikati na pembeni mbili. Asubuhi na jioni. Kwenye ukuta wa nyumba kama kuna ufa mwembamba pakaza saruji laini upana wa vidole viwili kuukatiza, iandike tarehe ikiwa mbichi; ikipasuka umejua nyumba nayo inakwenda. Na mifereji yote inayomwaga maji kwenye ule ufa igeuze leo, uzibe mdomo wake kwa udongo wa mfinyanzi, maji yanayoingia humo ndo yanayousukuma.

Vigingi vikiachana hata milimita 5 kwa siku, au miti imeanza kuinama, au chemchemi mpya imetoka chini ya shamba, au ile iliyokuwepo imegeuka tope, msilale humo. Mwambie mwenyekiti wa kijiji (LC1) awatoe na majirani wa chini yako, wao ndo watakaopigwa kwanza, na mwanao mmoja asirudi kwa sababu ya kuku. Mvua ikiwa inanyesha mfululizo sasa hivi unaposoma, vigingi acha, ondokeni kwanza mtapima jua likiwaka.

Namba za wiki mbili nitumie, za sehemu zote tatu, hata kama hazijasogea.